Siku ya Kumkabidhi Nyevu Kiti Changu

Bismillahi, nami naanza.

Mheshimiwa Diwani Tsuma, uliyetuahidi kuja saa nane na ukafika alasiri, lakini umefika. Daktari Haroun, mgeni wetu wa heshima na tabibu wa macho wa nusu ya watu walio ukumbini humu. Mwenyekiti wetu Bi Bayan. Wazee wa mtaa. Ndugu wageni waalikwa, mliotoka Kizingo kwa magari yenu na mliotoka Kibokoni kwa miguu yenu. Akina mama wadarizi wenzangu. Na wewe Nyevu, Mama Kadenge, uliyekwisha kukaa kwenye kiti changu kabla sijakwambia karibu: assalaam aleikum, na masalkheri nyote.

Bi Bayan alinijia nyumbani juzi akanipa masharti mawili. Niseme kwa ufupi, na nimsifu Nyevu. Hilo la kumsifu nitalitimiza, kwa sababu mimi ni mtoto wa watu na najua kusifu hata kama koo limenikauka. Hilo la ufupi, aliye na haraka mlango uko wazi na feri haijafungwa.

Ndugu zangu, wageni wetu hawajui kiti hiki ni cha nini, na mkikitazama mtashangaa kwamba kuna mtu anayeweza kukionea wivu. Ni kiti kifupi cha kamba, mguu mmoja umeungwa kwa waya. Lakini katika chama chetu cha wadarizi wa kofia, anayekikalia ndiye fundi mkuu. Kila kofia inayodariziwa na wanachama hupita mikononi mwake kabla haijaenda kwa mwenyewe, naye husema neno moja tu: yatoka, au yafumuliwa. Mimi nimelisema neno hilo tangu wengine wenu mliopo hapa mkiwa mnabebwa mgongoni, na nimewafumulisha kofia zao wanawake wakali kuliko Mheshimiwa Diwani, na hakuna aliyenijibu.

Kwa nini basi nakiacha? Mtaambiwa ni kwa sababu ya umri. Si umri. Nyevu na mimi tumepishana miaka michache tu, na yeye leo anaingia pale ninapotokea mimi. Nakiacha kwa sababu ya swali moja nililoulizwa na Daktari Haroun, nami nikalijibu kwa adabu. Jumatatu ijayo, inshallah, ataniuliza tena swali lilelile kwa jicho langu lililobaki. Kwa hivyo nawaomba mnisikilize, maana nikilijibu vibaya tena, sindano mimi na yeye basi, mpaka siku nitakapovishwa sanda iliyoshonwa na wengine.

Waliowahi kudarizi wanajua, lakini niwaeleze waheshimiwa ambao kofia kwao ni kitu cha kununua. Kofia ya mkono ni vitobo. Mamia ya vitobo vidogo, kila kimoja kimezungushiwa uzi, na kila kimoja lazima kilingane na jirani yake. Kazi hii haishikwi mbali kama gazeti. Hushikwa hapa, chini ya kidevu, karibu kabisa. Sasa mtu akishapita arobaini na kitu, jicho lake hukataa kutazama hapa. Hukisogeza kitambaa, na kesho hukisogeza tena, mpaka mkono unafika mwisho na kitobo bado hakionekani. Huo ni uzee wa macho, na dawa yake ni miwani ya kusomea. Sote tuliivaa na hatukuona haya. Kisha baadhi yetu likatujia jingine, mtoto wa jicho, ukungu usiofutika kwa miwani wala kwa maji ya waridi. Likanijia mimi, likamjia na Nyevu, karibu wakati mmoja, mwaka ule wa kabla ya mvua za El Nino.

Mnakumbuka zamani mtu akitolewa mtoto wa jicho alivyokuwa? Alipewa miwani minene kama sehemu ya chini ya chupa, akawa anaziona ngazi zote zimepinda. Marehemu mama yangu aliivaa, na mpaka anakufa alikuwa akimwaga chai pembeni ya kikombe. Alhamdulillahi, siku hizi hakuna hayo. Daktari Haroun hukutoa lenzi yako iliyofanya ukungu, na papo hapo hukutilia nyingine ndogo ya plastiki ndani ya jicho, ikakaa humo maisha yako yote. Nampongeza mbele yenu. Mimi ni mtu mgumu kupongeza, kwa hivyo daktari aipokee vizuri.

Ila lenzi hiyo ina shani yake. Lile jicho la ujanani lilikuwa likijinyoosha na kujikunja lenyewe, likatazama mbali, likatazama karibu. Hii ya plastiki haijui kujikunja. Hupimwa na kupangwa kabla ya kutiwa: ama ione mbali vizuri, ama ione karibu. Upande wa pili utavalia miwani. Na kwa hivyo daktari wetu, kwa uungwana wake, humkalisha kila mgonjwa akamuuliza: bila ya miwani, wataka kuona wapi?

Akaniuliza na mimi. Nilikuwa nimevaa buibui langu jipya, nimekaa vizuri, mkoba mapajani. Sasa nawauliza nyinyi watu wa Mji wa Kale, mliolelewa na mama zenu kama nilivyolelewa: ukienda nyumba ya watu ukaulizwa utakunywa chai au sharubati, wewe hujibu nini? Hujibu chochote, msijisumbue. Na mwenye nyumba akikuuliza mara ya pili? Chochote. Na mara ya tatu? Humwambia Mungu awazidishie, mimi nimekwisha kunywa nyumbani. Na mwenye nyumba, ikiwa na yeye kalelewa, huinuka akakuletea kile kizuri alichokiweka kabatini, pamoja na halua, maana anajua kwamba chochote maana yake si chochote.

Basi nikamjibu daktari: "Chochote utakachoona wewe ndicho, mwanangu. Wewe ndiye mjuzi."

Akasema, "Bi Zubeida, jicho ni lako. Mimi nafuata utakavyo."

Nikamwambia, "Sina makuu. Hata ukinipa kidogo, alhamdulillahi."

Akauliza tena. Naapa aliuliza mara ya tatu, simsingizii. Nami mara ya tatu nikainamisha kichwa nikasema, "Nimekuachia wewe." Nikatulia, nikimngoja ainuke anifungulie kabati.

Daktari Haroun kakulia Kizingo. Watu wa Kizingo wakiulizwa, hujibu. Alinitazama, akaona mwanamke asiye na haja maalumu, akanipangia wanachopangiwa wengi wasio na haja maalumu. Akanipangia mbali. Hakukosea hata kidogo. Alinikaribisha mara tatu, na mara tatu nikakataa.

Na Nyevu? Nyevu alikuwa kwenye benchi, zamu yake ikinifuata mimi. Nyevu katoka Kaloleni akiwa msichana, akaja kupika chai katika ofisi za mjini, akapanga nyumba Buxton, na jioni akawa anakuja kwangu kujifunza kudarizi. Nilimfunza kila kitu isipokuwa kukataa chai, hilo kila siku lilimshinda. Ukimuuliza wataka chai, husema ndiyo, na sukari iwe nyingi. Mlango wa daktari haukufungwa vizuri, basi nilisikia kwa masikio yangu.

"Mama Nyevu, bila ya miwani wataka kuona wapi?"

"Karibu," akasema. "Nataka kuona ncha ya sindano. Huko mbali sina shughuli."

Hakupumua baina ya maneno hayo. Daktari akacheka, akampangia karibu, jicho la kwanza, na mvua zilipokwisha akampangia karibu jicho la pili.

Ndugu wageni waalikwa, nilipofunguliwa bendeji niliona vitu ambavyo sikuviomba. Niliona kutoka roshani kwangu mpaka mwisho wa mtaa. Niliona saa ya mnara, niliona kunguru na kitu alichoiba, niliona jirani yangu ana mvi, na yeye akaona kwamba nimeona. Watu wakanijia kunipa mkono wa heri. Nikawapa kahawa, nikacheka nao. Walipoondoka nikachukua sindano, na sindano haikuwapo. Ilikuwa vidoleni mwangu na haikuwapo.

Miwani nilipewa, sikunyimwa haki yangu. Lakini jicho moja limesafishwa na jingine lina ukungu, na miwani yenyewe kwa joto letu hili huteremka puani pamoja na jasho. Nikitazama kitobo kimoja, naona kitobo na kivuli chake. Nikadarizi hivyohivyo. Mzee Yeslam, aliyekaa pale mbele, alikuwa ananiletea kazi miaka yote. Akanirudishia kofia moja, kwa heshima, imefungwa kwenye karatasi, akasema labda imedariziwa na mwanafunzi. Ilikuwa yangu. Nikamwambia ndiyo, ni ya mwanafunzi, nitamkanya. Na kofia ya harusi ya mwanawe akaipeleka kwa Nyevu.

Hapo ndipo ulipoingia. Nautaja mimi kwa jina lake kabla hamjautaja nyinyi mkirudi majumbani: wivu. Nilimwonea Nyevu wivu, na nikisema nilimwonea msidhani umekwisha. Nilikuwa nikiingia kwenye darasa letu namkuta kakaa jamvini, hana miwani, kashika sindano juu kidogo, na uzi unapita tunduni mara ya kwanza kama wa msichana wa miaka kumi na minane. Wanafunzi wangu, niliowafunza mimi, wakawa wanampelekea sindano awatungie. Nani asingeona wivu? Kama kuna mwanamke humu ambaye asingeona, asimame, tumkabidhi kiti yeye.

Sasa nifike kwenye sifa nilizoagizwa. Nyevu ni mwanamke mnyenyekevu. Nasema hivyo leo. Muda mrefu nilisema kinyume chake, na waliopo hapa walinisikia.

Kila asubuhi Nyevu hupita chini ya nyumba yangu akienda sokoni Marikiti. Kwa hili jicho langu la mbali nilikuwa namwona tangu anapokata kona: naona leso aliyojifunga, naona kikapu, ningeweza kukwambia kama kapaka wanja. Nilikuwa nimekaa barazani. Siku moja nikainua mkono kumwamkia. Akanitazama kavukavu, akainua uso juu, akapita. Kesho yake vilevile. Nikasema, enhe. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kapewa macho na kofia za harusi, sasa hata salamu anaziona nzito. Nikalisema hilo nyumbani, nikalisema msibani, nikalisema kwenye maulidi, na kila nilipolisema nikapata wa kunikubali.

Mpaka Ijumaa moja akabisha hodi. Akaingia na sinia ya vitumbua na kikapu chake, akaja akanisogelea mpaka pua zetu karibu zigusane, ndipo akasema, "Mwalimu, nimekukosea nini? Kila asubuhi nakuamkia hujibu."

Nikamwambia, "Waniamkia mimi? Lini? Wapita kama hunijui."

"Nakuamkia, mwalimu. Nasimama pale chini, nainua uso, nasema sabalkheri kwa sauti ndogo nisiamshe watu. Nawe umekaa juu roshani na leso yako nyekundu, wanitazama tu."

Ndugu zangu, mimi hukaa barazani, chini. Kilichokuwa juu roshani ni leso yangu nyekundu, huianika kila alfajiri. Mama Kadenge kwa miezi alikuwa akiiamkia leso. Kwa macho yake ya karibu, kitu chochote kilicho mbele ya mkono wake ni rangi tu. Daktari alimpa miwani ya kuonea mbali, naye huiacha nyumbani, kwa sababu huko mbali hana shughuli. Alikuwa ananipita mimi ninayeinua mkono, anaona buibui jeusi kwenye kivuli, kisha anasimama na adabu zake zote anaisalimu nguo. Na nguo isipoitika, huenda sokoni moyo mzito, akijua kwamba mwalimu wake kamkasirikia kwa ajili ya kofia ya Mzee Yeslam.

Tulicheka siku ile mpaka tukashikana. Nilipokwisha kucheka nikakumbuka nyumba zote nilizozungukia na maneno yangu. Nimezirudia moja moja kuyafuta, na leo nayafuta kwa wale niliowasahau.

Je, wivu uliisha? Haukuisha. Ulipata mahali pa kukaa, basi. Alipokuwa amekwisha kula vitumbua vyake mwenyewe, akatoa kikapuni ile kofia ya harusi. Akaniambia, "Itazame, mwalimu, kabla sijaipeleka." Nikaishika nikaisogeza, nikavaa miwani nikaivua, sikuona cha maana. Nikamwambia aivike mtungi ulio kule mwisho wa ukumbi wa nyumba yangu, anipishe. Akaivika. Na kutoka nilipokaa nikaiona yote.

"Safu yako ya pili yapanda," nikamwambia. "Upande wa sikio la kushoto. Yapanda kama mtu anayekwenda ghorofani."

Akaenda akaipachika pua yake pale, akaitafuta. Kitobo kwa kitobo hakuona kosa, maana kila kitobo kilikuwa sawa na jirani yake. Lakini kofia huvaliwa na mmoja na hutazamwa na umati, na umati hautii pua. Akaniamini. Akakaa pale pale, akafumua safu nzima, kama alivyokuwa akifumua zamani. Bwana harusi aliivaa, Mzee Yeslam ni shahidi, na hakuna aliyepanda ghorofani. Mkiniuliza kama nilifurahi kumwona Nyevu akifumua, jibu ni kwamba nilifurahi sana, na usiku ule nililala vizuri. Lakini hebu niseme na ukweli wote: angeweza kuipeleka bila ya kunionyesha. Mzee Yeslam asingejua. Ni nani baina yenu, akiwa na kazi nzuri mkononi, huipeleka kwa mwenye wivu aikague?

Ndiyo maana kamati iliponiuliza nani akalie kiti, sikusema chochote. Nilisema Nyevu. Nilisema mara ya kwanza nilipoulizwa, mpaka Bi Bayan akadhani naumwa.

Mama Kadenge, simama kidogo. Hapana, geukia huku, mimi niko huku. Hiyo ni nguzo. Chukua kikopo hiki cha sindano. Nilipewa na aliyekikalia kiti kabla yangu. Ukiona kazi mbaya, usimwonee mtu haya, mwambie yafumuliwa. Ukiona ya kwangu ni mbaya, niambie na mimi, kama una moyo huo. Na miwani yako ya mbali ivae njiani, mwanamke mwenzangu, watu wa mtaa huu wana maneno, nami nawajua kwa sababu nilikuwa mmoja wao.

Nimekaribia mwisho. Mheshimiwa Diwani anatazama saa, nami namwona.

Daktari Haroun, baba, nisikilize. Uliniambia kwamba jicho hili la kushoto waweza kulipanga karibu, moja likawa la mbali na moja la karibu, na kwamba wako watu huzoea, kichwa chenyewe kikachagua litazame lipi. Uliniambia pia wako wanaopata kizunguzungu, na kwamba huniahidi sindano. Kwa vitobo vidogo kabisa huenda miwani nikaihitaji bado. Ulinieleza yote hayo vizuri. Na juzi, ulipomaliza, ukaniuliza, "Basi Bi Zubeida, tufanye nini?" Unajua nilikujibu nini. Nilisema, "Utakavyoona wewe." Nimefika nyumbani nikajipiga kofi.

Mama zetu walitufunza kukataa chai, Mungu awarehemu. Lakini walitufunza vilevile kwamba mficha uchi hazai, na mimi nimechoka kuficha. Ofisini kwako, mimi na wewe peke yetu, najijua, adabu itanishika ulimi. Ndiyo maana nimelichukua swali lako nikalileta hapa, mbele ya diwani, mbele ya wazee, mbele ya wanawake ambao wataninyanyasa maisha yangu yote nikirudi nyuma.

Sitaki kiti, kiti nimekwisha kukitoa na kimepata mwenyewe. Nataka sindano yangu. Nataka nije hapa kila jioni nikae jamvini kama mwanafunzi, ubavuni mwa Nyevu, nidarizi, naye anikague, na siku moja anirudishie kofia yangu akiwa ameshindwa kupata pa kufumua. Wivu wangu nitakuja nao. Una faida zake, hunifanya nishone vizuri.

Jicho la kushoto nalitaka karibu, daktari. Hapa, nilipoweka mkono, chini ya kidevu, mahali kofia inapokaa. Usiniulize mara ya pili. Ukiniuliza mara ya pili, nitasema chochote.

Ahsanteni kwa masikio yenu. Macho nimekwisha kuyasemea mwenyewe.